Mtaimbo wa Babu

Mwaka 2019 tulipofika msitu wa Waipoua, kaskazini mwa New Zealand, mzee aliyetuongoza hakutaka kusikia habari ya mkauri wowote, ile miti mikubwa ya huko, mpaka viatu viwe safi. Mwanzo wa njia pana burashi na dawa. Mwenzetu mmoja akakimbilia dawa, mzee akamrudisha. Dawa haipenyi tope: kwangua kwanza udongo wote kwenye meno ya soli, ndipo utie dawa. Kimelea kinachoua mikauri, Phytophthora agathidicida, hukaa udongoni na kushambulia mizizi, na mizizi midogo ya mkauri imetanda juujuu tu. Ndiyo maana sehemu za njia zimeinuliwa kwa mbao, mguu usiguse ardhi. Mti ukishaambukizwa hauponi.

Alasiri tukaenda shambani kwake. Babu yake alitoka Dalmatia, pwani ya Kroatia ya leo, kuja kuchimba sandarusi ya mkauri, yaani utomvu ulioganda na kufukiwa ardhini, biashara ambayo mwaka 1899 ilisafirisha nje zaidi ya tani 11,000. Mwaka mmoja kabla, sheria ilikuwa imetenga maeneo ya kuchimba kwa raia wa Uingereza, Wadalmatia wakasukumwa pembeni.

Mzee akatoa mtaimbo wa babu: chuma chembamba chenye ncha, na mpini wa mbao kama wa sepetu. Karibu na ncha umezungushiwa waya. Waya ule una maana yake. Unatoboa tundu pana kuliko chuma chenyewe, udongo haukibani, basi mkono unahisi kilichogongwa. Jiwe linalia na kukirudisha chuma. Mti uliooza unang'ang'ania ncha. Sandarusi inaitika kwa mlio mfupi, mkavu.

Nilichoma bondeni karibu nusu saa. Nikagonga, nikachimba hadi usawa wa magoti: mzizi. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

Nikamwambia kwetu pwani nako ilichimbwa, ya msandarusi, ikapitia Unguja hadi Salem, Marekani, kutengenezea vanishi. Iliyokaa ardhini miaka mingi ndiyo ngumu na yenye bei. Mbichi inaitwa chakazi, na Waingereza walilipinda neno hilo midomoni mwao mpaka likawa "jackass", yaani punda. Mzee alilipenda sana hilo la punda. Kwao New Zealand chakazi iliponza miti: watu walipanda kwa kamba, wakachanja magome, wakarudi baada ya miezi kukusanya utomvu ulioganda. Penye majeraha pakaingia uozo, na mwaka 1905 uchanjaji ukapigwa marufuku kwenye misitu ya serikali.

Jioni alinipa bonge la ukubwa wa ngumi, limevaa ganda la kijivu, pamoja na kisu kidogo. Kukwangua ndiyo iliyokuwa kazi ya usiku ya wachimbaji, taa katikati. Kisu hulazwa, hakichomwi, maana sandarusi hubanduka vipande. Vumbi la manjano likaanza kudondoka, kisha pakafunguka kidirisha cha rangi ya asali. Nikanogewa, nikaendelea kukwangua.

"Basi, basi!" Akaninyang'anya kisu. Ganda limeshatoka, sasa nilikuwa nakata mali yenyewe, na mnunuzi alilipa kwa uzito. Hata chenga zilikuwa na soko lake, kwenye linoliamu ya kutandika sakafuni.

Akalikusanya vumbi kwa kiganja, akalimimina kwenye kopo.