Dola ya afya ya akili kazini inarudisha nini?

Bandugu, kila tukitengeneza bajeti, sisi wa fedha mu ma ONG (mashirika yasiyo ya serikali) ya hapa Goma tunafika ku ule mustari wa "afya ya akili ya wafanyakazi", na mfadhili anauliza, inalipa? Hapo mutu anatoa ile hesabu ya OMS (Shirika la Afya Duniani) ya 2016, weka dola 1 inarudi 4. Ni ya kweli, lakini inahusu kutibu depresio na wasiwasi uliozidi, yaani matibabu yenyewe, mugonjwa na mutaalamu wake. Haihusu semina ya siku moja mu otele kando ya ziwa!

Mu 2024 mutafiti William Fleming wa chuo kikuu cha Oxford aliangalia wafanyakazi 46,336 wa Uingereza: waliofuata mafunzo ya kupambana na stresi ao aplikasio za kutuliza akili hawakuwa na hali nzuri kuliko wenzao.

Kinachoniuma ni vile ripoti zetu zinahesabu listi ya prezansi tu, watu walikuja wakasaini wakarudishiwa transport basi tunaandika mafanikio. Tuhesabu siku za ugonjwa, wanaoacha kazi (kumupata na kumufundisha mwingine kunakula miezi), na wale wako mu biro mwili tu, akili iko kwingine. Na tusilinganishe waliojiandikisha na waliokataa, juu anayejiandikisha mara nyingi tayari ana nafuu. Chuo kikuu cha Illinois kule Marekani walipolinganisha hivyo programu yao ya afya ilionekana ya ajabu, walipoangalia kwa kura, nani alipangiwa na nani hakupangiwa, faida karibu yote ikapotea. Sisi tuko na biro mbalimbali, tupige kura, moja ianze, ingine ingoje miezi 6, tuone.

Miongozo ya OMS ya 2022 inataka pia kazi yenyewe ibadilike na mashefu wafundishwe. Hapa tumepita volkano ya 2021, vita, halafu tangu benki zifunge Januari 2025 mushahara unapita ku simu na kutoa kunakatwa pesa. Mutu hajui atafikisha ngapi nyumbani, unamufundisha kupumua pole pole?

Kwa hiyo mu bajeti inayokuja napendekeza pesa ya semina ilipe makato ya kutoa mushahara, mapumziko ya kweli kwa wanaotoka terrain, na konsiltasio pale Tulizo Letu, kituo cha afya ya akili hapa Goma, kwa anayeumwa, bila jina lake kufika ku meza ya shefu.