Siku moja maishani mwangu: kutumia vinasaba kutafuta kisababishi cha kuhara

Saa 1:00 asubuhi

Siku yangu huanzia katika chumba cha maabara ambamo hakuna sampuli ya mgonjwa inayoruhusiwa kuingia. Humo ndimo tunamochanganyia vitendanishi vya PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya vimelea katika choo cha mtu anayeharisha. Anayetaka kujua kama maabara ya aina hii inafanya kazi kwa umakini asianze na mashine, atazame kwanza milango: chumba cha kwanza ni cha mchanganyiko safi, cha pili ni cha kuchakata choo, cha tatu ni cha mashine, na mwendo ni wa kwenda mbele tu. Aliyekwisha kuingia chumba cha tatu harudi cha kwanza siku hiyo, na koti la chumba kimoja halivaliwi katika kingine. PCR huzidisha kipande kimoja cha DNA hadi kufikia mabilioni, kwa hiyo tone lisiloonekana kwa macho, likitua kwenye mchanganyiko safi, linaweza kuwafanya wagonjwa wote wa siku hiyo waonekane wana ugonjwa mmoja.

Kabla ya kugusa chochote nafuta meza kwa maji ya klorini, naiacha kwa dakika kadhaa, kisha nafuta tena kwa maji safi. Spiriti peke yake haitoshi, kwani huua bakteria lakini DNA yao huiacha palepale ilipo.

Saa 2:30 asubuhi

Sampuli zinapokewa. Jina na namba vilivyo kwenye chombo lazima vilingane na vya kwenye fomu, na choo kiwe laini au cha majimaji. Choo kilichoshikamana hatukipimi Clostridioides difficile, bakteria anayeweza kuleta kuhara baada ya mtu kutumia antibiotiki, kwa sababu mtu anaweza kuwa na bakteria huyo tumboni bila kuugua. Ninachokitafuta kwenye fomu kwa hamu zaidi ni maelezo: umri wa mgonjwa, ameharisha kwa siku ngapi, kuna damu au hakuna, ametumia antibiotiki katika wiki zilizopita? Fomu nyingi huja na neno moja tu, "kuhara". Nauona huo kuwa upungufu mkubwa, maana bila maelezo hayo majibu ya mchana huwa orodha ya majina isiyomsaidia daktari kuamua.

Saa 3:15 asubuhi

Kutoa DNA kwenye choo ndiyo hatua ninayoiheshimu kuliko zote, ingawa mgeni wa maabara huipita bila kuitazama. Naweka takribani gramu 0.2 za choo kwenye kichupa chenye shanga ndogo za kioo na kukitikisa kwa nguvu kwenye mashine, kwa sababu baadhi ya vimelea havifunguki kwa urahisi. Cryptosporidium, kimelea kidogo cha utumbo, kwa mfano, ana ganda gumu ambalo hata klorini ya maji ya bomba hailiwezi. Kisha naongeza chumvi kali inayoifanya DNA ishikamane na shanga nyingine za sumaku zilizopakwa silika. Kichupa kikiwekwa kwenye sumaku, ule ukungu wa kahawia hujivuta upande mmoja polepole, majimaji yanabaki meupe, nami nayafyonza kwa pipeti bila kuzigusa shanga. Naziosha kwa alkoholi, nasubiri zikauke kabisa, kisha naiachilia DNA kwenye tone la bafa, yaani majimaji ya kuihifadhia. Asiyekuwa na subira hapo huiacha alkoholi ndani, na alkoholi ikibaki, kimeng'enya cha PCR, yaani protini inayojenga nakala za DNA, hakifanyi kazi.

Choo ni sampuli ngumu. Kina chumvi za nyongo na sukari changamano zinazozuia PCR, na PCR iliyozuiwa hutoa jibu linalofanana kabisa na la mtu asiye na ugonjwa. Kwa sababu hiyo kila sampuli hutiwa, kabla ya uchakataji, kiasi kidogo cha DNA ya kigeni tunayoijua. Mashine isipoiona DNA hiyo, jibu la "hakuna" halitolewi. Sampuli huongezewa maji hadi iwe nyepesi mara kumi, kisha hupimwa upya. Pamoja na sampuli za wagonjwa huenda pia kichupa cha maji matupu, na kikionyesha chochote, kazi yote ya asubuhi inatupwa.

Saa 5:00 asubuhi

Sahani yenye visima 96 inaingia kwenye mashine. Mashine inapasha joto hadi nyuzijoto 95 ili nyuzi mbili za DNA ziachane, inashuka hadi karibu nyuzijoto 60 ili vipande vifupi vya DNA tulivyovitengeneza kwa kufuata jeni inayotafutwa vijishike mahali pake, kimeng'enya kinajenga nakala, na mzunguko unarudiwa mara 40. Kary Mullis alibuni njia hii mwaka 1983, na mwaka 1993 akapata Tuzo ya Nobel ya kemia. Kimeng'enya kinachostahimili joto hilo kilitoka kwa Thermus aquaticus, bakteria wa chemchemi za maji moto za Yellowstone nchini Marekani. Norovirusi na rotavirusi, virusi vinavyoleta kuhara, vina RNA, aina nyingine ya vinasaba, badala ya DNA, kwa hiyo RNA yao hugeuzwa kwanza kuwa DNA ndipo izidishwe.

Saa 7:00 mchana

Sasa nasoma grafu za mwanga ambao mashine huuona ukiongezeka kadiri nakala za DNA zinavyoongezeka, na hapa ndipo kazi yangu ilipo hasa. Mashine inaweza kuniambia kwamba jeni fulani imo. Haiwezi kuniambia kwamba ndiyo iliyomwangusha mgonjwa. Kumkuta mtu mahali pa tukio si kumkuta na hatia. Utafiti mkubwa wa GEMS, uliohusu watoto wa chini ya miaka 5 katika nchi 7 za Afrika na Asia, ulipima watoto wanaoharisha na wasioharisha pia. Sampuli zake zilipopimwa upya kwa PCR inayopima kiasi, na matokeo kuchapishwa mwaka 2016, sehemu ya magonjwa ya kuhara iliyoweza kuhusishwa na vimelea ilipanda kutoka takribani nusu hadi karibu asilimia 90, na Shigella, bakteria wa kuhara damu, akajitokeza mbele kuliko ilivyodhaniwa. Hilo liliwezekana kwa sababu watafiti walitazama wingi wa vimelea, si kuwepo kwake tu.

Wingi huo nausoma kwenye mzunguko ambao mwanga unaanza kupanda. Kila mzunguko unazidisha DNA mara mbili, kwa hiyo sampuli iliyoonekana kwenye mzunguko wa 22 ina DNA takribani mara 1,000 zaidi ya iliyoonekana kwenye mzunguko wa 32. Leo kuna mtoto mchanga ambaye rotavirusi yake imepanda mapema sana, na jeni ya sumu ya C. difficile imechungulia mwishoni kabisa. Watoto wa chini ya mwaka mmoja hubeba bakteria huyo mara nyingi bila madhara. Jibu hilo likitoka bila maelezo, mtoto anaweza kupewa dawa asiyoihitaji.

Saa 7:40 mchana

Katika sampuli ya mtoto anayeharisha damu, mstari wa stx2 unapanda mapema. Hili halisubiri ripoti ya jioni. Napiga simu wodini.

"Daktari, habari za kazi. Nina majibu ya dharura ya mtoto wako anayeharisha damu. Choo chake kina jeni ya sumu ya Shiga, aina ya pili."

"Nakusikiliza, ndugu yangu. Ndiyo kwanza nilikuwa naandika antibiotiki."

"Basi naomba tuzungumze kabla hajapewa."

Sumu hiyo hutolewa na aina fulani za E. coli, bakteria wa utumbo. Baadhi ya antibiotiki huweza kuwachochea E. coli hao kutoa sumu zaidi, na sumu hiyo huweza kuvunja chembe nyekundu za damu na kuharibu figo. Daktari anasitisha dawa, anaagiza mtoto aendelee kupewa maji kwa uangalifu na damu na figo zipimwe kila siku. Kama ilivyo desturi ya majibu ya dharura, namwomba anirudie nilichomwambia, neno kwa neno, na kuandika saa.

Saa 9:00 alasiri

Sampuli hiyo, pamoja na zenye bakteria wa Salmonella na Shigella, zinakwenda kuoteshwa, yaani bakteria wake wakuzwe wakiwa hai. Wapo wanaosema kuotesha kumepitwa na wakati, nami sikubaliani nao. PCR haituambii bakteria huyu anasikia dawa gani, na jeni ya ipaH tunayoitumia kumtafuta Shigella haimtenganishi na ndugu yake E. coli anayevamia utumbo. Bakteria hai ndiye anayeweza kusomwa kwa urahisi jenomu nzima, yaani vinasaba vyake vyote, ili ijulikane kama wagonjwa wawili wameambukizwa kutoka chanzo kimoja. Mwaka 2011 nchini Ujerumani, aina ya E. coli iitwayo O104:H4 iliwaangusha watu zaidi ya 3,800 na kuua zaidi ya 50, na chanzo kilifuatiliwa hadi kwenye mbegu za uwatu zilizochipushwa. Maabara iliyokuwa ikiitafuta O157 peke yake, aina ya E. coli inayojulikana zaidi, isingeiona.

Saa 10:15 jioni

Ripoti naziandika moja moja. Kwa yule mtoto mchanga naandika kwamba rotavirusi inaelekea kuwa ndiyo kisababishi, na kwamba C. difficile katika umri huo hahitaji dawa kwa jibu hili peke yake; kama amechanjwa rotavirusi siku za karibuni, daktari azingatie kwamba virusi vya chanjo navyo huonekana chooni.

Zinazobaki ni zile ambazo hazikuonyesha kitu. Hizi nazipa muda uleule, kwa sababu PCR huona tu kile ilichotengenezwa kukitafuta. Siandiki "hakuna maambukizi". Naorodhesha vimelea vyote vilivyotafutwa, naeleza kwamba ile DNA ya kigeni ya uthibitisho ilionekana vizuri, na kwa mgonjwa ambaye fomu yake inasema ameharisha kwa zaidi ya wiki mbili, naomba daktari atume sampuli nyingine ya kutazamwa kwa hadubini na afikirie pia visababishi visivyo vya maambukizi.