Lengelenge: lishike kabla halijapasuka

Malengelenge yakimtoka mtu bila kuungua moto, hapa Bukavu jina la kwanza mara nyingi ni karuho, yaani sumu ya kutegewa na mtu. Akifika hopitali amekwisha kupakwa majani, yote yamepasuka, na munganga anabakia kukisia vidonda.

Tafuta lengelenge zima, lisizidi siku mbili. Libonyeze. Likiwa limekaza, juu ya ngozi nyekundu inayowasha, na mgonjwa ni mzee wa miaka 70 na zaidi, fikiria pemfigoidi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia ngozi yake yenyewe: ngozi ya juu imebanduka nzima, ndiyo maana kifuniko ni kinene. Likiwa tepetepe, shati tu linalipasua, fikiria pemfigasi, ugonjwa wa jamii hiyo hiyo. Huko seli za ngozi ya juu zimeachana zenyewe kwa zenyewe.

Halafu mwambie afungue mdomo. Pemfigasi ya kawaida hupenda kuanzia humo, wakati mwingine miezi kadhaa kabla ya ngozi, na mgonjwa hutibiwa fangasi wee mpaka achoke. Sukuma kwa kidole ngozi iliyo pembeni ya kidonda: ikiteleza kama ganda la nyanya iliyochemshwa, hiyo ndiyo alama ya Nikolsky. Usiishangilie mapema. Kotrimoksazoli na nevirapini zinaweza kubandua ngozi vilevile, basi uliza vidonge vyote vya wiki 8 zilizopita.

Rangi ya Giemsa, ile ile ya kupimia malaria, inasaidia. Kwangua sakafu ya lengelenge, paka kwenye kioo: seli za mviringo, moja moja, zenye kiini kikubwa, zinaelekeza kwenye pemfigasi, seli kubwa zenye viini vingi, kwenye herpesi.

Biopsi, yaani kukata ngozi ya kupima, ni vipande viwili vya milimita 4, na hapo ndipo kazi huharibika. Cha ukingo wa lengelenge jipya kinaingia formoli 10%, dawa ya kuhifadhia. Cha pili, cha ngozi isiyo na lengelenge iliyo karibu, ndani ya sentimita 1, kisionje formoli hata tone: kingamwili hazitaonekana tena. Kikipimwa ndani ya saa 24, seramu ya chumvi 0.9% inatosha, kikisafiri siku kadhaa, kinataka maji ya Michel, maji maalumu ya kusafirishia kipande. Andika chupa zote mbili kabla ya kushika kisu.

Kwenye kipande hicho cha pili, kingamwili aina ya IgG ikichora wavu kati ya seli, ni pemfigasi. Ikichora mstari mmoja chini ya ngozi ya juu, ni pemfigoidi.

Kabla ya prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, pima sukari, VVU na kifua kikuu, na umpe ivermektini: mnyoo wa strongiloidi aliyelala tumboni huamshwa na prednisoloni hiyo hiyo inayokausha malengelenge.