Stika za vinili zinazostahimili jua na mvua ya Kisumu

Stika ya kwanza niliyomchapia shemeji yangu kwa ajili ya tuktuk yake ilidumu majuma matatu tu. Rangi nyekundu ilipauka kwanza, kisha mvua moja ya alasiri, ya aina tunayoijua sisi tunaoishi kando ya ziwa, ikapenya pembeni na kuuchuruzisha wino hata nambari yake ya simu ikawa haisomeki. Niliumia, kwa kuwa wateja wake wengi humpata kwa nambari hiyo.

Wino wa printa za nyumbani zinazonyunyiza wino kwa kawaida huwa na msingi wa maji, na maji hayawezi kuingia katika plastiki. Ukichapa juu ya vinili ya kawaida, ambayo ni aina ya plastiki, wino hukaa kama maji juu ya jani la nduma. Kwa hiyo inunuliwe vinili iliyotengenezewa printa za aina hiyo, yenye tabaka jembamba la kuufyonza wino. Aina ya wino nayo ni muhimu: ule ulioyeyuka kabisa katika maji huharibiwa upesi na miale ya jua, ilhali ule wa pigmenti, ambao ni chembechembe ndogo zisizoyeyuka, hustahimili zaidi. Hapa Kisumu, karibu kabisa na Ikweta na kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, tofauti hiyo huonekana mapema. Soma pakiti kwa makini, maana katika printa nyingi wino mweusi pekee ndio wa pigmenti.

Kosa langu kubwa, hata hivyo, lilikuwa haraka. Karatasi ikitoka, uso wake huonekana mkavu baada ya dakika chache, lakini ndani bado mna unyevu, na ukiifunika mapema kwa utando angavu wa kulamineti, unyevu huo hunaswa, utando ukafanya malengelenge na kubanduka. Sasa nasubiri saa 24, na wakati wa masika, hewa inapokuwa nzito, nasubiri siku mbili.

Kisha kuna kingo, ambako maji huingilia. Wengine hulamineti kwanza ndipo wakakata, na kwa chupa ya asali ya kuwekwa kabatini hilo linatosha. Kwa chombo cha barabarani mimi hukata stika kwanza, nikazikata pembe zake ziwe za mviringo, nikapangusa bati kwa spiriti, nikaibandika, halafu nikaifunika kwa kipande cha utando kinachozidi stika kwa milimita 5 kila upande, ili gundi yake ishike bati lenyewe. Kazi ni ya polepole, lakini tabaka linalofyonza wino halibaki wazi mahali popote.

Stika ya pili ya shemeji imepita masika na vuli. Nyekundu imeanza kufifia kidogo upande unaopigwa na jua la mchana, lakini nambari ya simu bado inasomeka vizuri kutoka ng'ambo ya barabara.