Golomyanka haogopi kina, tewa wetu hukiogopa

Ziwa Baikal la Urusi lina kina cha mita 1,642, na hakuna ziwa linaloshinda hilo duniani. Humo anaishi golomyanka, samaki mdogo wa jamii ya skalpini, asiye na magamba wala mapezi ya tumboni, mwili wake ukipenya mwanga. Usiku hupanda kufuata vijidudu vya jamii ya kamba, mchana hurudi vilindini, na safari hiyo haimdhuru.

Siri ni kwamba hana kibofu cha hewa, kile kifuko cha ndani kinachowasaidia samaki kuelea. Wala hakukiacha kwa ajili ya kina: ukoo wake ni wa samaki wa kukaa sakafuni kwenye mawe, ambao hawana haja ya kuelea. Yeye alipohamia maji ya kati ilibidi apate namna nyingine ya kuelea. Wako wa aina mbili. Yule mkubwa, Comephorus baikalensis, ana mafuta yanayozidi theluthi ya uzito wake. Mdogo, C. dybowskii, mafuta yake ni haba, basi hujitegemeza kwa mapezi mapana ya kifuani. Na kwa kuwa huko kati hakuna jiwe la kubandikia mayai, wote wawili huzaa watoto hai, maelfu kwa mkupuo.

Tewa wa Malindi, samaki wa baharini mwenye kibofu hicho, mambo yake ni kinyume. Kila mita 10 huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa ya juu ya bahari, kwa hiyo ukimvuta kutoka pima 20 (kama mita 36), hewa ya kibofu hutanuka zaidi ya mara nne. Kile chekundu kinachochomoza mdomoni ni tumbo la chakula lililosukumwa na kibofu. Tafadhalini, msilitoboe!

Tewa mchanga anayestahili kurudishwa, mrudishe chini kwa uzito. Chukua ndoana kubwa, ponda kijino chake (kile kinachozuia ndoana isichomoke) kwa koleo. Funga mshipi kwenye pindo la ndoana, na chubwi (kizito cha kuzamisha) kwenye tundu lake, ili ncha ielekee chini. Mtoboe mdomo wa chini, mshushe upesi hadi karibu na kina alikotoka, kisha vuta mshipi juu kwa nguvu mara moja, ndoana itachomoka. Chubwi ya kilo moja humtosha tewa wa kilo mbili, akielea, ongeza. Kijino kisipopondwa vizuri utampandisha tena, na hewa itatanuka upya. Mikono iwe mibichi, na asilazwe juani kwenye mbao za mashua mkiendelea kutia chambo.