Saa Moja Yangu na Gitaa

Usiku wa kuamkia Jumapili nilirudi nyumbani Ngamiani, jijini Tanga, saa nane, nikitoka kupiga gitaa harusini, na saa tatu asubuhi mwanafunzi wangu wa kwanza alikuwa tayari barazani. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, mwanangu, kaa tuanze."

Harusi hulipa kodi ya nyumba, na masomo hulipa chakula. Mazoezi hayalipi chochote, ndiyo maana huwa ya kwanza kuachwa. Kuyaacha ni kosa, kwa sababu ukumbini hurudia yale ambayo vidole vimeshayazoea, na darasani hupiga polepole ili mtoto anifuate. Kwa hiyo kila alfajiri, baada ya sala, naitenga saa moja: nafuta nyuzi kwa kitambaa kikavu, maana hewa ya bahari huzitia kutu upesi, kisha nachukua kipande kimoja cha solo kutoka nyimbo za Atomic Jazz au Jamhuri Jazz, bendi za Tanga zilizovuma miaka ya 1960, nikikirudia taratibu mpaka kidole cha mwisho, kilicho dhaifu kuliko vyote, kiache kuburuta.