Nilikamata Nyuki, Nikamwacha Malkia

Bumba la nyuki lilining'inia kwenye mti nyuma ya nyumba, refu kama mkono kuanzia kiwikoni, likitikisika polepole kama kitu kinachopumua. Wenzangu walikimbilia ndani, wakafunga madirisha. Mimi nilishasoma kwamba nyuki wanaohama huwa wapole: hutoka mzingani wameshajaza asali tumboni, na hawana masega wala majana, yaani watoto wao, ya kulinda. Ni kweli, ila kuna mmoja hakuwa amepata habari hizo. Alinichoma sikioni kabla sijamaliza kupanda ngazi.

Nikawanyunyizia maji kidogo, nikaweka mzinga mtupu chini ya tawi, nikalitikisa kwa nguvu. Wakaporomoka pu! Nikafunika, nikashuka kifua mbele, nikampigia simu mzee aliyenifundisha ufugaji.

"Shikamoo mzee. Nimewapata!"

"Marahaba. Na malkia?"

Nikanyamaza.

"Tazama mlangoni. Wanaingia au wanatoka?"

Walikuwa wanatoka. Mwanzoni mmoja mmoja, kisha kwa mkondo, na haikupita robo saa bumba likawa limejikusanya palepale juu. Malkia alikuwa amejibana kwenye panda ya tawi, na bila harufu yake ule mzinga wangu ulikuwa sanduku tu.

Mzee alifika jioni, akasimama chini ya mti akiwatazama wapelelezi wa makao mapya wakicheza juu ya migongo ya wenzao, kila mmoja akinadi pango alilolipata. "Hawajakubaliana bado," akasema. "Wakikubaliana, humpati hata mmoja." Akaweka kipande cha sega kuukuu lenye majana ndani ya mzinga, maana nyuki hawapendi kuacha majana. Akatikisa mara mbili, kisha akaipangusa ile panda kwa kitawi cha majani mabichi, pole pole kama anayefuta uso wa mtoto.

Tukakaa kungoja. Punde nyuki kadhaa wakajipanga mlangoni, mikia juu, wakipepea mabawa. "Nusa," akaniambia. Ilinukia kama mchaichai. Ndiyo harufu ya kuwaita waliobaki nje, na walikuja wakitembea kama wanaorudi kwao.

Nilidhani tumemaliza. Mzee akauendea mzinga wangu wa zamani, akaufungua. Pembeni mwa masega vilining'inia vyumba vya kulelea malkia mpya, vimekunjamana kama maganda ya karanga. Lile bumba nililokuwa najivunia lilitoka kwangu mwenyewe! Masega yalikuwa yamejaa hadi pembeni, nami kwa wiki kadhaa nilikuwa napita tu nikisema wanaendelea vizuri.

"Mwanangu, umewabana kwenye chumba kimoja. Mama mwenye nyumba kaondoka na zaidi ya nusu ya watu wake."

Usiku tukauhamishia mzinga mpya kwenye kichanja, miguu yake ndani ya makopo ya oili chafu kuzuia siafu, mlango ukielekea uzio ili wanaporuka wapite juu ya vichwa vya watu. Nikakatazwa kuufungua kwa wiki nzima. Niliufungua siku ya nne, mzee hajui. Sega jipya lilikuwa jeupe, dogo kama kiganja. Nikaliinua kwenye jua, na chini kabisa ndani ya vyumba nikaona mayai yamesimama kama vipande vya uzi. Malkia sikumwona. Nikafunika haraka.